Jani, Pampu na Sindano: Dawa Zinazouamsha Mwili

Mhadhara kwa wananchi, Ngaramtoni, Arusha

 

Nimeombwa nizungumzie mirungi, na nitaizungumzia. Ila sitaanza nayo. Hapa kwetu ukifungua mdomo na neno mirungi, nusu ya ukumbi inawaza polisi, nusu iliyobaki inasubiri mahubiri. Mimi ni mtu wa dawa. Kilichomo ndani ya jani lile ni ndugu wa damu wa dawa nne au tano zilizokaa kihalali kabisa kwenye kabati la zahanati na kwenye rafu za duka la dawa muhimu, lile ambalo wazee bado wanaliita duka la dawa baridi. Tukiwafahamu hao ndugu na kazi zao, mengi ya mirungi yatajieleza yenyewe: kwa nini inasafirishwa kwa mbio vile, kwa nini dereva aliyeila anakodoa macho tangu Namanga halafu anaacha njia akiwa karibu na nyumbani, kwa nini mzee wa miaka sitini akiitafuna anasimama chooni robo saa bila mkojo kutoka.

Tuanze na mwili wenyewe. Unapita jioni kando ya msitu wa Meru, kichaka kinatikisika, nyati anatoa kichwa. Hujawaza lolote bado, lakini moyo umeshaanza kwenda mbio. Mboni za macho zimepanuka. Mirija ya mapafu imefunguka, ini limemwaga sukari kwenye damu, utumbo umesimamisha shughuli zake, shingo ya kibofu imebana. Damu imeondolewa kwenye ngozi na tumboni ikapelekwa kwenye misuli ya miguu. Njaa uliyokuwa nayo imepotea, na usingizi hata kama ulikuwa hujalala siku mbili hauko. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1915, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanayasoma karibu kama alivyoyaacha.

Neva zinazoendesha hekaheka hiyo zinaitwa mfumo wa neva wa simpathetiki. Zina wajumbe wawili. Noradrenalini hutengenezwa na kuhifadhiwa katika vifuko vidogo mno kwenye ncha za neva zenyewe. Adrenalini hutoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, humwagwa kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Wajumbe hao hawafanyi kitu mpaka washike vipokezi vilivyo juu ya chembe za moyo, mishipa, mapafu na kwingineko. Na vipokezi si vya aina moja. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba viko vya alfa na vya beta. Jarida la kwanza alilolipelekea kazi yake liliikataa. Leo hakuna duka la dawa duniani ambalo halina angalau dawa moja iliyotokana na wazo lile. Alfa hubana mishipa ya damu, shingo ya kibofu na utando wa pua. Beta ya kwanza huharakisha moyo. Beta ya pili hulegeza mirija ya mapafu. Kariri hayo matatu tu, kwa leo yanatosha.

Sasa, dawa inaweza kuuamsha mfumo huu kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ndiyo nguzo ya mhadhara huu. Ninyi ni watu wa mifereji, mnajua zamu ya maji. Ukitaka kunywesha jaruba lako, unaweza kubeba ndoo ukamwaga pale pale penye mche uliokauka. Au unaweza kupanda juu ukalivunja banio. Ukilivunja banio, jaruba lako litapata maji, ni kweli, lakini na la jirani litafurika, na njia itakuwa tope, na kesho mwenye zamu atakuta tangi halina kitu. Adrenalini ya sindano na salbutamoli ni dawa za ndoo: zinakwenda zenyewe kushika kipokezi. Amfetamini na katinoni, ambayo ndiyo nguvu ya mirungi, ni dawa za kuvunja banio: zinaingia kwenye ncha za neva na kuzilazimisha zimwage akiba zilizokuwa nayo. Haziongezi hata tone moja. Efedrini ina mguu mmoja huku na mmoja kule.

Adrenalini yenyewe sitakawia nayo. Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyekuwa na maabara New York, aliitangaza mwaka 1901 ikiwa imesafishwa mpaka kuwa chembechembe ngumu, kutokana na tezi za mifugo. Leo chupa yake ndogo ya miligramu 1 iko karibu kila zahanati. Mtu aliyeumwa na nyuki akavimba uso, sauti ikakwaruza, akaanza kukosa pumzi na presha ikaanguka, au aliyechomwa penisilini na mwili ukaikataa, dawa yake ya kwanza ni hiyo: kwa mtu mzima nusu miligramu, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijatengemaa. Alfa inarudisha presha, beta inafungua mapafu. Ukiinywa haifanyi kitu, utumbo na ini vinaiharibu kabla haijafika popote. Nasikitika kusema kwamba wahudumu wengi wanaiogopa. Wanaanza na haidrokotisoni na dawa ya kuzuia mwasho, wanasubiri waone, na adrenalini wanaikumbuka mwisho. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi yake. Mtu anayebanwa koo hana saa hizo.

Salbutamoli ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, maana iko katika nyumba nyingi za hapa, hasa Juni na Julai baridi ya mlima inaposhuka na moshi wa jikoni unapofungiwa ndani. Ilitoka Uingereza mwaka 1969, kazi ya David Jack na wenzake wa kampuni ya Allen & Hanburys. Kabla yake wagonjwa wa pumu walikuwa wanavuta isoprenalini, dawa isiyochagua: ilifungua mapafu na kuupiga moyo kwa pamoja. Miaka ya 1960 Uingereza na Wales, vifo vya wagonjwa wa pumu, wengi wao vijana, viliongezeka katika kipindi kile kile pampu za isoprenalini kali zilipoenea, vikashuka baada ya watu kuonywa. Salbutamoli ilitengenezwa ishike zaidi beta ya pili, ya mapafu, na iuache moyo kwa kadiri inavyowezekana.

Kwa kadiri inavyowezekana, nimesema. Pampu ikibonyezwa mara moja inatoa maikrogramu 100, na dawa hiyo inatua pale pale penye tatizo. Kidonge cha miligramu 4, ambacho ukienda dukani leo utapewa kwa bei ya chini kuliko pampu, kina maikrogramu 4,000. Hizo ni sawa na mibonyezo 40. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinatembea kila mahali, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye mirija ya mapafu. Ndiyo maana mama anayekunywa vidonge hivyo mara tatu kwa siku mikono inamtetemeka akimimina chai, na moyo unampiga mpaka anaamini amepata ugonjwa wa pili. Wakati mwingine anakwenda kwa daktari mwingine kutibiwa huo ugonjwa wa pili. Akiandikiwa propranololi kwa ajili ya presha au mapigo, dawa inayoziba vipokezi vya beta vyote bila kuchagua, mapafu yanafungwa mlango ule ule ambao salbutamoli ilikuwa inaufungua. Mwenye pumu na propranololi ni watu wasiopaswa kukutana.

Najua mtu atasema pampu ni ghali, na mtoto hawezi kuivuta. La bei siwezi kulitatua kwa mhadhara. La mtoto limeshatatuliwa: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa tundu kwenye kitako na pampu ikapachikwa humo, inamfikishia mtoto dawa sawasawa na vifaa vya dukani. Chupa za maji zimejaa kwenye mitaro yetu, tusiseme hatuna. Na jambo moja zaidi kuhusu pampu ya bluu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa sababu inafungua mirija bila kuutibu uvimbe unaoifunga. Anayeimaliza pampu kila mwezi anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, na akiambiwa anunue pampu nyingine tu, amehudumiwa nusu.

Sasa tuvuke upande wa pili, wa dawa za kuvunja banio. Mwaka 1885 Mjapani mwingine, Nagai Nagayoshi, aliitenga efedrini kutoka katika kichaka kinachotumika katika tiba ya Kichina. Mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, wakiwa Peking, walionyesha dunia kwamba inafanana na adrenalini kwa matendo, tena inaweza kunywewa na inadumu muda mrefu. Kutoka hapo familia ikapanuka haraka. Amfetamini ilikuwa imeshatengenezwa Berlin na Mromania Lazăr Edeleanu mwaka 1887, ikakaa bila kazi mpaka miaka ya 1920 mwishoni, Gordon Alles wa California alipokuwa anatafuta mbadala wa efedrini. Vita vya pili vya dunia vilipofika, majeshi yalikuwa yanagawa vidonge vya namna hiyo kwa marubani na askari. Ujerumani, Japani, Uingereza, Marekani, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Efedrini yenyewe bado ina kazi ya heshima. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua akichomwa ganzi ya mgongoni, neva zinazoibana mishipa ya damu miguuni zinalala, presha inaanguka, anaona kizunguzungu na kichefuchefu. Mtaalamu wa usingizi anamchoma efedrini kidogo kwenye mshipa, miligramu 5 au 10, na presha inapanda. Rudia mara nyingi utaona kila sindano inafanya kidogo kuliko iliyotangulia. Mnajua sababu: akiba ya noradrenalini kwenye ncha za neva inapungua. Hilo tutalikuta tena kwenye mirungi.

Ndugu zake walioko kwenye vidonge vya mafua ni sudoefedrini na fenilefrini. Zote zinakusudiwa kubana mishipa ya puani ili pua izibuke. Sudoefedrini inafanya hivyo, na pia inaweza kumpandishia presha aliye nayo tayari na kumnyima usingizi. Fenilefrini ya kumeza ni kisa kingine. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikaa likapitia ushahidi na kukubaliana kwa kauli moja kwamba, ikimezwa kwa dozi za kawaida, haizibui pua; mwaka uliofuata mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za mafua za kumeza. Utumbo na ini vinaimaliza njiani. Angalia pakiti ya dawa ya mafua uliyo nayo nyumbani, kuna uwezekano mkubwa utaikuta humo. Umelipia parasetamoli na rangi nzuri ya boksi. Matone ya pua yanafanya kazi, lakini yakizidi siku chache pua inayazoea na kuziba zaidi kuliko mwanzo.

Kwa vijana wanaokimbia, na mkoa huu una wakimbiaji tangu enzi za Filbert Bayi: kanuni za kupambana na dawa michezoni hazitaki efedrini izidi maikrogramu 10 katika mililita moja ya mkojo siku ya mashindano. Kiwango cha katini ni maikrogramu 5. Katini ni nini? Imo ndani ya mirungi. Mwanariadha aliyetafuna kijiti kimoja kwa mzaha na rafiki zake usiku wa kuamkia mbio anaweza kuwa amejiingiza matatani mwenyewe.

Basi tumefika.

Mirungi ni mti wa milima yetu. Unaota wenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na hata Tanzania watu wanaulima kwa siri, milima ya Same ikiwa inatajwa mara kwa mara katika operesheni za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Jina la kisayansi lilitoka kwa Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa na mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Kwa miongo mingi wakemia waliuchokonoa mmea ule wakapata katini, dhaifu mno kueleza ulevi wake. Tatizo lilikuwa kwamba walikuwa wanachunguza majani makavu. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilipopata majani mabichi, ikaipata katinoni. Jani likinyauka, katinoni inageuka kuwa katini na norefedrini, na kwa siku mbili hivi ukali wote umekwisha.

Sasa mnaona kwa nini magari yale yanakimbia vile. Jani linakatwa kwenye vilima vya Nyambene, Meru ya Kenya (isichanganywe na Meru yetu, ingawa wenzetu wa kule nao wana mlima wao), linafungwa kwenye majani ya migomba libaki na unyevu, na tangu dakika hiyo mali inaoza mikononi mwa mwenye nayo. Muda wa saa 48 ndio unaopanga bei, mwendo wa magari, ndege za uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mogadishu, na hata siasa. Somalia ilipozuia ndege za mirungi Machi 2020, wakulima wa Igembe, huko huko Nyambene, hawakuwa na namna ya kuweka mzigo ghalani wasubiri mwaka upite, kama mkulima wa maharage wa hapa Selian angefanya. Uingereza iliruhusu mirungi mpaka tarehe 24 Juni 2014, ikaipiga marufuku ingawa baraza lake lenyewe la ushauri lilikuwa limesema mwaka 2013 kwamba madhara yake hayafikii kiwango hicho. Nchini Kenya ni zao halali. Kwetu sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kuilima, kuisafirisha na kuiuza. Barabara inayopita hapa mlangoni, kupitia Oldonyosambu na Longido mpaka Namanga, inaunganisha nchi mbili zenye maoni mawili juu ya jani moja. Maoni yangu kuhusu sheria si sehemu ya mhadhara huu. Mwili hauna mpaka wa Namanga, na huo ndio ninaoujua.

Gramu 100 za majani mabichi zina wastani wa miligramu 36 za katinoni na 120 za katini, ingawa mzigo na mzigo hutofautiana sana. Mlaji wa kawaida anamaliza gramu 100 mpaka 200 kwa kikao kimoja. Hazimezwi kwa mkupuo. Zinatafunwa na kuwekwa shavuni, na sehemu kubwa ya katinoni inapenya pale pale kwenye ngozi ya mdomo. Ndiyo maana inapanda polepole, ikifika kileleni baada ya saa mbili na kidogo. Katika miaka ya 1980 Peter Kalix wa Geneva alionyesha kwamba katinoni inafanya hasa kile kinachofanywa na amfetamini: inaingia kwenye ncha ya neva na kumwaga akiba, noradrenalini mwilini na dopamini kichwani. Dopamini ndiyo inayoleta zile stimu, maneno kutiririka, mipango ya biashara inayopangwa usiku na kusahaulika asubuhi. Noradrenalini ndiyo inayofanya yaliyobaki, na yaliyobaki ni yale ya nyati: moyo mbio, presha juu, njaa hakuna, choo kigumu, usingizi hakuna.

Madaktari wa Yemen wameyapima haya kuliko watu wengine, kwa kuwa wagonjwa wao wengi wanakula. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 waliwapa walaji atenololi, inayoziba beta ya moyo, na wengine indoramini, inayoziba alfa. Atenololi ilizuia mapigo na presha visipande, indoramini haikuzuia. Kwa hiyo presha ya mirungi inatoka zaidi kwenye moyo unaosukumwa kuliko kwenye mishipa inayobanwa. Lakini kwenye kibofu mambo ni kinyume. Walipima mkojo wa wanaume waliokula, wakaona unatoka kwa unyonge, na indoramini ikaurudisha. Pale alfa ndiyo mwenye mlango. Mzee mwenye tezi dume iliyokwishaanza kukua, ambaye mkojo wake tayari unakuja kwa kusuasua, akila mirungi anaongeza komeo juu ya komeo. Analetwa hospitali usiku kibofu kimejaa kama ngoma, anawekewa mpira, na hasemi alikula nini kwa sababu mwanawe amesimama pembeni.

Utafiti mwingine wa Yemen, wa mwaka 2002, uliangalia saa. Kwa kawaida mshtuko wa moyo huja zaidi asubuhi. Kwa walaji wa mirungi uliongezeka kati ya saa nane mchana na usiku wa manane, yaani wakati wa kula na saa zinazofuata. Sijui ushahidi gani mwingine ungetakiwa kumshawishi mtu mwenye presha.

Nirudi kwa dereva, maana ndiye aliyenifanya nikubali mwaliko huu. Dereva wa Fuso au wa basi la usiku hali mirungi kwa starehe. Anakula kwa sababu tajiri anataka mzigo ufike, na yeye ni binadamu. Jani linamfanyia kazi kweli, kwa muda. Lakini usingizi ni deni la ubongo, na katinoni hailipi deni hilo, inalificha tu. Kiasi cha katinoni kwenye damu kinapungua nusu kila saa moja na nusu hivi. Akiacha kutafuna, au mzigo wake ukinyauka, akiba kwenye neva imeshamwagwa na usingizi wote wa siku mbili unamrudia kwa mara moja. Hauji kwa kupiga miayo, kwa sababu dawa ilishazima dalili zile za kumwonya. Unakuja usingizi wa sekunde tatu au nne macho yakiwa wazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita zaidi ya mita 60 katika sekunde tatu. Na kabla ya hapo, zile saa anazojiona yuko imara, dopamini inamfanya aone nafasi ya kulipita lori jingine pale ambapo nafasi haipo. Ujasiri umepanda, uamuzi haukupanda nao.

Akifika nyumbani hawezi kulala, kwa kuwa katini inakaa: inachukua zaidi ya saa tano kupungua nusu. Hapo wengi wanatafuta Konyagi au vidonge vya usingizi ili kuzima kilichowashwa. Kesho anaamka mzito, mwenye hasira, hamu ya chakula hana, na tiba ya karibu ya hali hiyo ni kibunda kingine. Wanaokula kwa wingi usiku na mchana wako katika hatari ya kuchanganyikiwa akili kabisa, kusikia sauti, kudhani wanafuatwa. Watafiti waliofanya kazi Hargeisa, Somaliland, miaka ya 2000 waliwakuta wengi wa namna hiyo, wengine wamefungwa minyororo na ndugu zao majumbani.

Mtu ataniuliza kuhusu supu ya magome ya olkiloriti waliyokunywa morani kabla ya shughuli. Hiyo ni habari nyingine, ina kemia yake, na siiingizi humu kwa sababu tu nayo inaongeza ukali. Si kila kinachomwamsha mtu kinapitia mlango huu. Kahawa inayolimwa kwenye miteremko hii, kwa mfano, inafanya kazi yake kuu kwa kuziba vipokezi vya kemikali inayoleta usingizi, si vya alfa wala beta. Na siyo kila mtoto wa katinoni ni mbaya. Bupropioni, dawa inayotumika kutibu sonona na kusaidia watu waache sigara, ni katinoni iliyobadilishwa umbo. Mefedroni, iliyopigwa marufuku Uingereza Aprili 2010, nayo ni ya ukoo huo huo.

Namalizia na jambo linalowahusu wauguzi na wagonjwa kwa pamoja. Mtu amekula mirungi jioni, saa nne usiku anashikwa kifua, maumivu yanakwenda bega la kushoto, mapigo 130. Anafika kwa muuguzi wa zamu. Muuguzi akiona mapigo yale na presha ile anaweza kushawishika kutoa propranololi iliyo kabatini. Iko shida. Kwenye mishipa ya damu ya moyo, beta ya pili hupanua na alfa hubana. Propranololi ikiziba beta zote, noradrenalini iliyomwagwa na katinoni inabaki na alfa peke yake, na mshipa uliokwishaanza kubana unaweza kubana zaidi. Kwa sumu za ukoo wa amfetamini madaktari huanza na diazepamu, inayoutuliza ubongo na kuzipunguza kasi zile neva, pamoja na aspirini ya kutafuna na nitrogliserini chini ya ulimi kama ipo na presha inaruhusu, huku kipimo cha umeme wa moyo kikichukuliwa. Uchaguzi wote huo unategemea sentensi moja ambayo mgonjwa anaogopa kuisema. Muuguzi si askari, hajaiuliza ili kukuandikia kesi. Mwambie ulikula nini, kiasi gani, na saa ngapi ulitema mara ya mwisho, na kama uliongeza bia au vidonge juu yake mtajie na hivyo.

Maswali sasa. Mama aliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.